Urari wa Mguu wa Kushoto

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Nimenunua kaunta buku sokoni Majengo na kuchora safu nne kama nilivyozoea: tarehe, kulia, kushoto, tofauti. Mimi ni mhasibu, na jambo lisiloandikwa kwenye safu huwa siliamini sana. Mradi ni huu: kusimama kwa mguu wa kushoto katika pozi la mti, kwenye yoga, sekunde 60, bila kushika ukuta wala bega la jirani. Nimejipa hadi mwisho wa Agosti.

Kulia 34. Kushoto 4. Tofauti 30.

Kwa asiyelijua pozi lenyewe: unasimama wima, unahamishia uzito mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili unaupandisha na kuubandika kwenye paja kwa ndani, goti linatazama pembeni, viganja vinakutana kifuani. Unyayo usikae kwenye goti, ukae juu yake au chini yake. Kwa Kisanskriti linaitwa vrikshasana, na vriksha maana yake ni mti. Kati ya mapozi ya mguu mmoja hili ndilo la chekechea. Baada yake kuna tai, nusu mwezi, shujaa wa tatu, na lile la mcheza ngoma ambapo mtu anaushika mguu wake kwa nyuma na kuuinua kisogoni. Hilo mimi nalitazama kama sarakasi.

Nne! Ukisema "Bwana asifiwe", kabla hujaitikiwa mimi nimeshashusha mguu.

Jumanne, 8 Aprili

Darasa letu la yoga liko Area D, hapa Dodoma, chumba kirefu nyuma ya saluni, vigae chini, feni mbili juu, moja inafanya kazi. Tunakuwa tisa hadi kumi na wawili, inategemea Bunge. Bunge la bajeti limeanza, mji umejaa wageni, na wenzetu watatu ambao kazi zao ziko huko hatutawaona hadi mwisho wa Juni.

Mwalimu ni binti wa miaka kama 28. Ananiita mama, nami namwita mwalimu.

"Mama, pumua."

"Napumua, mwalimu."

"Hupumui, mama. Nakuona."

Kweli nilikuwa nimebana pumzi na meno, utadhani nimebeba ndoo ya maji kichwani kwenye utelezi. Kushoto 5. Mama yangu mzazi, nilipompigia simu jioni, aliuliza kwanza kama huko tunaabudu miungu ya Wahindi, kisha akauliza ada ni shilingi ngapi. Lililomsumbua zaidi ni la pili.

Jumanne, 15 Aprili

Kushoto 4 tena. Siku kumi, na faida ni sifuri.

Nimwandike mtuhumiwa wangu. Mwaka 2019, nikiwa bado Dar, nilishuka kwenye daladala kabla haijasimama vizuri, kama tulivyokuwa tunashuka sote. Unyayo wa kushoto ukajikunja kwa ndani, nikasikia kitu "tak". Kifundo kilivimba kama andazi. Bibi mmoja mtaani alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, nikakaa nyumbani siku nne, wiki ya tatu nikarudia kuvaa viatu vya kisigino ofisini. Hakuna aliyeniambia nikifundishe upya kifundo hicho kusimama, nami sikujua kwamba kifundo ni kitu cha kufundishwa.

Mwalimu ananieleza kwamba kano zinazozunguka kifundo hazikazi mfupa tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa ubongoni: unyayo umelala hivi, umeinama vile, rekebisha. Ukiteguka, kano zinavutika na taarifa zinaharibika nazo. Maumivu yanaondoka, uvimbe unaondoka, lakini taarifa zinaendelea kufika kwa kuchelewa au zikiwa pungufu. Hilo nimelielewa upesi. Nimewahi kufanya kazi na tawi lililokuwa likileta hesabu za mwezi tarehe 20.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, darasa halikuwepo. Nimeandika hili tu: jana nilipanda Hiace asubuhi kwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, nimesimama, nikaona hiyo ndiyo nafasi ya mazoezi. Nikaachia bomba, nikalegeza magoti kidogo, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, dereva akakanyaga breki kwa ajili ya mbuzi.

"Mama, shika bomba! Usije ukanilalia abiria."

Nimeshika.

Jumanne, 6 Mei

Leo ni ya kukumbukwa. Kipindi cha jioni kinaanza saa kumi na mbili na robo na kwisha saa moja na robo. Tulikuwa kwenye mti, mguu wa kulia, ule wangu wa kujivunia. Kila mtu ana mahali pake pa kukazia macho, mwalimu anasema macho yakitangatanga na mwili unatangatanga. Mimi nina msumari wangu ukutani, ulipokuwa umetundikwa kalenda. Nikiwa kwenye sekunde ya ishirini na kitu, umeme ukakatika.

Giza totoro. Msumari haupo. Na mimi sipo! Sikujua juu ni wapi. Nikasikia mguu wa kwanza ukipiga kigae, pah, wa pili, wa tatu, kisha mvua nzima, na dada wa mbele yangu akisema "Yesu wangu". Tukawasha tochi za simu. Kati ya watu kumi na mmoja aliyekuwa bado amesimama ni mmoja: Mzee wetu, mstaafu, Mgogo wa Bahi, ambaye kila akiingia hutusalimia "Mbukwenyi!" na sisi tuliokuja mjini na mabasi ya wizara tunaitikia "Mbukwa" kwa lafudhi za mikoa yetu. Alikuwa ametulia gizani, mguu juu, anauliza kama kipindi kimekwisha.

Mwalimu akatumia giza hilo hilo kutufundisha. Mwili unasimama kwa taarifa za sehemu tatu: macho, sikio la ndani lenye vile vijifereji vitatu vyenye maji yanayocheza kichwa kikigeuka, na taarifa za misuli na viungo kutoka chini. Macho yakizimwa, zinabaki mbili. Miaka mingi ya kukaa kwenye kiti na kutembea kwenye sakafu bapa inatufanya tuyategemee macho kupita kiasi.

Usiku nimejipima nyumbani, kwenye kona ya jikoni ili nikianguka niangukie kuta. Macho yamefumbwa: kulia 9, kushoto 2. Kwa hiyo hata mguu wangu mzuri ulikuwa ukiishi kwa mkopo wa msumari. Nimeongeza safu ya tano.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimwamkia Mzee shikamoo, nikamwomba anitazame. Akaitikia marahaba, akapiga magoti kwenye mkeka wake, akaweka kichwa karibu na sakafu kama anayetafuta shilingi iliyodondoka.

"Wewe mama, unabana vidole."

Nikatazama. Vidole vya mguu wa kushoto vimekunjamana, kucha zimegeuka nyeupe, kama vya kuku aliyelala juu ya kamba ya nguo. Mwalimu akaja. Akasema unyayo una mafiga matatu: moja chini ya shina la kidole gumba, la pili chini ya shina la kidole kidogo, la tatu kisigino. Chungu hakikai kwenye mafiga mawili.

"Mama, una karatasi yoyote?"

Nilikuwa na risiti ya chakula cha mchana kwenye mkoba. Akaipachika chini ya figa la kidole gumba, mguu wa kulia, akaniambia nisimame kwenye mti, kisha akaivuta. Ikachanika. Akachukua kipande kilichobaki, akakipachika kushoto. Nikasimama. Akavuta, kikatoka kizima bila hata kukunjika.

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Miaka sita nimekuwa nikisimama kwenye mafiga mawili. Unyayo wa kushoto unaegemea ukingo wa nje, upande ule ule uliovutika, na shina la kidole gumba limening'inia hewani milimita moja au mbili, kiasi ambacho jicho halioni. Vidole vinabana kwa sababu vinajua chungu kinamwagika. Nimekwenda kutazama viatu vyangu vyote vilivyopangwa mlangoni. Vya kushoto vimeliwa soli upande wa nje, jozi zote, hadi malapa ya kuogea. Ushahidi umekuwa mlangoni miaka yote nami naufagia.

Jumanne, 27 Mei

Mazoezi ya nyumbani, asubuhi kabla ya kwenda kazini: kuinua visigino taratibu mara 15 huku nikikandamiza shina la kidole gumba, kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki, kushoto kwa meno ya juu, kulia kwa ya chini, na kutembea pekupeku kwenye mchanga wa uani. Huku Nzuguni mchanga haununuliwi. Jirani amenikuta nikikanyaga huku na huku alfajiri, akaniuliza kama kuna kitu nimefukia.

Kushoto 11!

Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Brazil uliowapima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Walitakiwa kusimama mguu mmoja sekunde 10 tu, na mtu mmoja kati ya watano alishindwa. Walioshindwa ndio walioonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Hiyo haina maana kwamba mguu ndio unaoua. Mguu unaweza kuwa unasema tu hali ya mwili mzima. Mimi nina miaka 47. Sijafikisha hata umri wa kuruhusiwa kufanya mtihani huo, na mwezi wa nne, kwa mguu wa kushoto, ningekuwa nimeshafeli.

Jumamosi, 21 Juni

Safu za Juni ni tupu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, asiyejua maana yake amwulize mhasibu yeyote wa serikali anayemwona akinunua kahawa saa tano usiku.

Leo nimeiba saa moja kwa sababu ni Siku ya Kimataifa ya Yoga. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 kwa pendekezo la India, ikaanza kuadhimishwa 2015. Walichagua 21 Juni kwa kuwa kaskazini mwa dunia ndio mchana mrefu kuliko yote. Kwetu kusini mwa ikweta ni kinyume, huu ndio usiku mrefu, na Dodoma asubuhi ya Juni haina mzaha. Tulisimama kwenye vigae baridi na soksi, mwalimu akatuvua soksi. Kushoto 13. Nimerudi ofisini.

Jumamosi, 5 Julai

Kushoto 8. Wiki mbili za kiti zimekula zaidi ya theluthi.

Mwalimu aliweka mkono kwenye nyonga zangu zote mbili, kama anayepima shati. Nilipoinua mguu wa kulia, nyonga ya kulia ikashuka. Nikadhani ni mguu ulioinuliwa wenye kosa. Sivyo. Ukisimama kwa mguu wa kushoto, ni msuli wa pembeni mwa nyonga ya kushoto unaopaswa kuishika kiuno isining'inie upande wa pili. Wangu umelala. Nimeukalia miaka 22, una haki ya kulala.

Kwa hiyo sasa ni nusu mwezi, lakini kwa kigoda. Nimekitoa jikoni kwa mama mkwe na kuja nacho kwenye bajaji. Unasimama kwa mguu wa kushoto, unainama kwa ubavu, mkono wa kushoto unatua kwenye kigoda, mguu wa kulia unaelea nyuma sambamba na sakafu, kifua kinafunguka kutazama ukuta. Wenzangu wana matofali mepesi ya povu. B.K.S. Iyengar, yule mwalimu wa Pune aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyesambaza sana matumizi ya matofali, mikanda na viti, ili mwili mgumu nao uingie kwenye pozi. Sidhani kama alikifikiria kigoda cha mbuzi cha kukunia nazi. Nimekigeuza, meno yanatazama ukutani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeanguka. Shujaa wa tatu, mwili umelazwa kama herufi T, mguu wa kulia nyuma, mikono mbele. Nilikuwa kwenye sekunde ya sita na nikaanza kujisifu moyoni. Nikaenda upande wa kushoto wote kwa pamoja kama gunia lililoegemezwa vibaya, kiwiko kikatua kwenye chupa ya dada wa jirani.

"Pole, mama! Pole!"

"Nimeshapoa. Nimekulowesha?"

"Mkeka tu."

Kiwiko kina rangi ya zambarau. Nilichokuwa nikikiogopa tangu Aprili kimetokea, na kimechukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Baada ya hapo nilisimama kwenye mti, nikapata 19. Sijui niliandike wapi hilo, nimeliandika pembeni kwa penseli.

Nikiwa chini nilipata pia nafasi ya kukitazama kwa karibu kifundo cha Mzee, aliyekuwa bado juu. Mimi siku zote nilidhani wanaosimama vizuri wametulia. Kumbe kano za mbele ya kifundo chake zinachomoza na kuzama, zinachomoza na kuzama, mfululizo, kama mtu anayepiga taipu chini ya ngozi. Kwa juu uso umelala kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Safari ya kazi, Singida. Tumejaza mafuta tukirudi, nikaweka risiti kwenye pochi, ya kurejeshea masurufu ya safari, na baada ya kuteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa tairi likapasuka karibu na Kintinku. Upepo wa Agosti, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Dereva akatafuta mawe ya kuweka nyuma ya matairi, mimi nikajibanza kivulini mwa mbuyu usio na jani hata moja, yaani kivuli cha matawi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana wa kuchunga, miaka kama kumi na minne, ng'ombe wake wametawanyika. Amesimama kwa mguu wa kushoto. Unyayo wa kulia ameubandika kwenye goti, pale pale tunapokatazwa. Fimbo ndefu ameikita mbele kidogo, ameipitishia mkono. Nikatoa simu, nikawasha saa.

Dakika nne na sekunde kumi. Katika muda huo alipiga mluzi, akamtukana ndama, akageuza kichwa mara nyingi kufuata lori. Kisha akabadilisha mguu, bila haraka, kama mtu anavyobadilisha mkono wa kubebea mfuko.

"Mama, unanipiga picha?"

"Hapana baba, natazama saa."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia saa nane na robo. Hakuridhika, na ana haki.

Nimefikiria ile fimbo njia nzima hadi Bahi. Haibebi uzito wake, ameigusa tu. Ni taarifa nyingine kutoka chini, figa la nne. Kuanzia kesho badala ya kushika ukuta nitagusa mpini wa ufagio kwa vidole viwili.

Jumanne, 19 Agosti

Na mpini: kushoto 48. Bila mpini: 27. Mzee anacheka, anasema alipokuwa mdogo aliyeiacha fimbo nyumbani alichapwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku ya kufunga hesabu. Nimejipima barazani nyumbani, majira ya jioni, upepo umepungua. Kulia 58. Kushoto, mara ya kwanza 33, ya pili 41, ya tatu 36. Nachukua 41. Macho yamefumbwa kushoto 7. Shujaa wa tatu bado ni 9, nusu mwezi bado ni kwa kigoda. Kwa lugha ya ripoti: utekelezaji asilimia 68, lengo halijafikiwa, muda umeongezwa hadi Desemba bila bajeti ya ziada.

Kisha nikamwita binti yangu, ana miaka tisa, nikamwambia achukue kikaratasi chochote kwenye pochi ya mama aje kukipachika. Akapiga magoti. Nikasimama kwa kushoto, nikashusha kisigino, nikashusha shina la kidole kidogo, mwisho kabisa shina la kidole gumba, polepole, vidole vimelegea.

"Vuta."

"Mama, hakitoki."

"Vuta kwa nguvu."

Kikachanika. Akabaki na nusu mkononi, akaisogeza kwenye mwanga na kuisoma kwa sauti ile ya darasani, neno kwa neno: "Dizeli. Lita arobaini. Manyoni."

Nikashusha mguu. Masurufu ya Singida sijayarejesha.